Kifaa Kidogo cha Sarafu za Mtandaoni, na Namna ya Kukiunga na Kompyuta kwa Salama



Tangu msimu uliopita ofisi ya Chama imekuwa ikiulizwa juu ya jambo ambalo halimo katika madaftari yetu ya karafuu. Wanaouliza ni wanachama wenye watoto Maskati, Dubai na Uingereza, ambao siku hizi hupelekewa fedha si kwa benki wala kwa mkono wa msafiri, bali kwa sarafu za mtandaoni, yaani Bitcoin na nyinginezo za jamaa yake. Wengine wamepelekewa pamoja na fedha hizo kifaa kidogo mfano wa kibiriti, chenye kioo na vitufe viwili, wala hawakuelezwa sawasawa namna ya kukiunga na kompyuta.

Mwezi uliopita alifika ofisini mzee mmoja, mwanachama wetu wa siku nyingi, amekifunga kifaa chake katika kitambaa pamoja na karatasi iliyoandikwa maneno 24. Kijana wa jirani alikuwa amemfungulia tovuti katika kompyuta, na tovuti ile ikamwambia kwamba ili kifaa kiungike, sharti aandike maneno yote 24. Alikwisha andika tisa, macho yakamchoka, akaja kuniomba nimsomee yaliyobaki. Nikamwambia, "Ami, simama hapo hapo, usiandike hata moja zaidi." Tovuti ile ilikuwa ya wezi. Maneno tisa hayakuwatosha kufungua kitu, lakini lau angalifika ishirini na nne, fedha alizopelekewa na mwanawe za kuezekea nyumba zingalitoweka kabla yeye hajafika kwake. Kwa ajili ya mzee huyu nimeona ni wajibu wangu niyaeleze mambo haya kwa wanachama wote.

Kabla ya kuendelea, ieleweke kwamba Chama hakimshauri mtu yeyote kununua sarafu hizi. Thamani yake hupanda na kushuka kuliko bei ya karafuu ilivyopata kufanya. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza mwezi wa Novemba 2019 kwamba hazikuwa fedha halali ya nchi, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 juu ya uhamishaji wa mali za namna hii. Maelezo haya ni kwa yule ambaye tayari anazo, au amepelekewa, na hataki zimpotee.

KIFAA HIKI NI KITU GANI

Watu wengi wadhani kwamba sarafu zimo ndani ya kifaa, kama fedha ndani ya mkoba. Sivyo. Sarafu zimeandikwa katika daftari la umma ambalo nakala zake zimo katika maelfu ya kompyuta duniani kote. Alichonacho mwenye mali ni ufunguo wa siri, na ufunguo huo ndio unaotia saini kila fedha zinapohamishwa. Mwenye ufunguo ndiye mwenye mali. Daftari halimjui mtu kwa jina wala kwa sura. Lajua saini tu. Na fedha zikishahamishwa kwa saini iliyo sawa, hakuna meneja wa benki wa kumwendea akazirudisha.

Bitcoin ilipoanza mwaka 2009, watu waliweka funguo zao ndani ya kompyuta zao. Kompyuta ikiingiwa na programu ya wezi, ufunguo ulinakiliwa, na mali ikaondoka. Ndipo mwaka 2014 kampuni ya SatoshiLabs ya mji wa Prague ikatoa kifaa kiitwacho Trezor, na mwaka huo huo ikaundwa kampuni ya Ledger huko Ufaransa. Fikra yao ni moja: ufunguo ukae ndani ya kifaa peke yake, saini itiwe humo humo ndani, na ufunguo wenyewe usitoke kamwe kwenda kwenye kompyuta. Vifaa hivi huitwa pochi za maunzi, lakini katika makala hii nitasema "kifaa" tu.

Yale maneno 24 huchaguliwa na kifaa chenyewe, siku ya kwanza kinapowashwa, kutoka katika orodha ya maneno 2,048. Maneno hayo ndiyo ufunguo wenyewe kwa sura nyingine. Kifaa kikiungua au kikianguka baharini, utanunua kingine, utaingiza maneno yale, na mali yako utaikuta pale pale. Na yeyote mwingine atakayeyapata maneno hayo, naye ataikuta. Kwa hivyo maneno hayo huandikwa kwenye karatasi au huchorwa kwenye bati, na kama yapaswa kuingizwa tena mahali, basi huingizwa katika kifaa.

NAMNA KIFAA KINAVYOZUNGUMZA NA KOMPYUTA

Kifaa peke yake hakiwezi kulifikia lile daftari la umma, kwa kuwa hakina intaneti. Ndiyo sababu hukiunga na kompyuta au simu. Njia kubwa za kuunga ni tatu. Ya kwanza ni waya wa USB. Ya pili ni Bluetooth, ambayo haihitaji waya. Ya tatu ni alama ya QR, ambapo kifaa na kompyuta husomana kwa kamera bila ya kugusana kabisa.

Na upande wa kompyuta zipo programu za namna mbili. Ipo programu ya mtengenezaji mwenyewe, ambayo hupakuliwa na kuwekwa ndani ya kompyuta. Na zipo tovuti, ambazo hufunguliwa kwa kivinjari. Vivinjari vya jamaa ya Chrome vyaweza kuiruhusu tovuti izungumze na kifaa kwa waya, lakini kwanza hukuuliza na kukuonyesha jina la kifaa, nawe ukubali. Pengine kati ya tovuti na kifaa huwekwa programu ya tatu, mfano MetaMask, ambayo hufanya kazi ya mpeleka barua: huchukua ombi la tovuti, hulipeleka kwenye kifaa, na hurudisha jibu.

Mazungumzo yenyewe huenda hivi. Kwanza, programu huomba anwani yako, yaani namba ya hesabu yako katika daftari la umma, nacho kifaa huitoa. Pili, ukitaka kuhamisha fedha, programu huandika hati ya muamala, ambayo bado haina saini, na huipeleka kwenye kifaa. Tatu, kifaa hukuonyesha kwenye kioo chake kilichoandikwa katika hati ile: kiasi gani, na kwenda kwa nani. Nne, ukibonyeza kukubali, kifaa hutia saini na kuirudisha hati kwenye programu, nayo huipeleka kwenye daftari la umma.

Yafaa ikumbukwe kwamba kuunga peke yake si kutoa fedha. Tovuti iliyoungwa huiona anwani yako na kiasi kilichomo, basi. Ufunguo haiuoni, wala haiwezi kuchukua kitu. Hatari iko katika hatua ya tatu na ya nne, na hapo ndipo watu wengi, hata wataalamu, walipopotelea. Nitatoa mifano miwili.

YALIYOTOKEA DISEMBA 2023

Kampuni ya Ledger ilikuwa imetengeneza kipande cha programu kiitwacho Connect Kit, ambacho tovuti nyingi zilikitumia ili wateja waweze kuunga vifaa vyao. Tarehe 14 Disemba 2023 mtu aliyewahi kuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo alilaghaiwa, na wezi wakapata njia ya kuingia mahali ambapo kipande kile hutolewa. Wakatoa matoleo yao matatu, namba 1.1.5, 1.1.6 na 1.1.7, yenye sumu ndani yake. Tovuti zilizokuwa zikivuta toleo jipya moja kwa moja zikaipokea sumu ile bila wenyewe kujua. Miongoni mwao ilikuwamo Sushi, na hata Revoke.cash, ambayo kazi yake ni kuwasaidia watu kufuta ruhusa mbaya.

Mteja aliyefungua tovuti aliyoizoea aliombwa aunge kifaa chake, kisha aliletewa hati ya kutia saini. Kwenye kompyuta mambo yalionekana ya kawaida. Kumbe hati ile ilikuwa yampa mwizi mali yake. Sumu ilikuwako kwa muda wa saa tano hivi, ingawa muda ambao fedha zilichukuliwa ulikuwa chini ya saa mbili, na ziliibwa karibu dola 600,000 kabla ya toleo safi, namba 1.1.8, kuenea.

Tazameni vizuri jambo hili. Vifaa havikuvunjwa. Funguo hazikutoka. Kila kifaa kilifanya kazi yake kama kilivyotengenezwa: kilitia saini hati ambayo mwenyewe alibonyeza kuikubali.

YALIYOTOKEA FEBRUARI 2025

Mfano wa pili ni mkubwa zaidi. Bybit ni soko la sarafu za mtandaoni lenye makao yake Dubai. Sehemu ya fedha zake ilikuwa katika hesabu ambayo haifunguki kwa saini moja. Sharti watie saini wakubwa kadhaa, kila mmoja kwa kifaa chake, kama sanduku lenye kufuli nyingi na kila kufuli na mtu wake. Kuandaa hati walitumia tovuti ya pochi iitwayo Safe.

Wezi hawakuigusa Bybit. Waliingia katika kompyuta ya mtengenezaji mmoja wa programu wa Safe, na kwa njia hiyo wakaibadilisha tovuti, kwa namna ambayo ingewadhuru Bybit peke yao. Tarehe 21 Februari 2025 wakubwa walifungua tovuti kuhamisha fedha kama desturi. Kioo cha kompyuta kiliwaonyesha uhamisho wa kawaida, kwenda mahali pa kawaida. Lakini hati iliyopelekwa kwenye vifaa vyao ilikuwa nyingine, na ilikuwa yabadilisha utaratibu wa hesabu yenyewe ili wezi wawe ndio wenye amri. Vifaa havikuweza kuieleza hati ile kwa maneno yanayosomeka. Wakubwa wakatia saini, akiwamo mkuu wa kampuni, Ben Zhou. Zikaondoka sarafu za Ethereum zipatazo 400,000, zenye thamani ya karibu dola bilioni 1.5. Siku tano baadaye shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilisema kwamba wizi huo ulifanywa na watu wa Korea Kaskazini.

Wazee wetu wametusimulia habari za watu waliopoteza mikarafuu kwa sababu ya karatasi za rehani walizozitia dole gumba. Dole lilikuwa lao kweli, na wino ulikuwa wino. Lakini yaliyoandikwa juu ya dole hawakuyasoma. Walisomewa na yule yule mwenye kudai. Habari ya Bybit ni hiyo hiyo. Kifaa hulinda dole gumba lako lisiibwe, nacho hufanya kazi hiyo vyema. Lakini hakiwezi kukuzuia usilitie kwenye karatasi usiyoisoma. Na kioo cha kompyuta ni kama yule msomaji wa karatasi: pengine ni mwaminifu, pengine amekwisha nunuliwa, nawe huna njia ya kumjua. Kwa hivyo kisomwacho ni kioo cha kifaa.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Nunua kifaa kwa mtengenezaji mwenyewe au wakala wake anayetambuliwa. Kikija na maneno 24 yaliyokwisha andikwa na mtu mwingine, usikitumie kabisa, kwani huyo aliyeyaandika anayo nakala. Mwaka 2020 daftari la wateja wa Ledger liliibwa, na majina na anwani za nyumbani za wateja wapatao 272,000 zikatangazwa. Mwaka uliofuata baadhi yao walipelekewa kwa posta vifaa vya bandia, vimefungwa vizuri, pamoja na barua ya kuwahimiza wavitumie.

2. Programu ya kompyuta ipakue katika tovuti ya mtengenezaji, na jina la tovuti uliandike mwenyewe kwa kulinakili katika karatasi iliyokuja na kifaa. Usifuate tangazo linalotokea unapotafuta, wala kiungo ulicholetewa kwa ujumbe. Usidhani pia kwamba duka kubwa la programu ni salama siku zote: mwaka 2023 programu ya bandia yenye jina mfano wa ile ya Ledger iliwekwa katika duka la Microsoft, na watu wakaibiwa zaidi ya dola 500,000.

3. Maneno 24 hayaandikwi katika kompyuta, wala katika simu, wala hayapigwi picha. Hakuna programu ya halali inayoyahitaji ili kuunga kifaa ambacho tayari kina ufunguo. Likija ombi hilo, liwe limeandikwa kwa adabu namna gani, jua ni wizi. Na aliyekwisha andika hata machache, kama yule mzee wetu, na ahamishe mali yake kwenye maneno mapya.

4. Ukitaka kupokea fedha, mwombe mwanao asubiri mpaka uione anwani kwenye kioo cha kifaa, si kwenye kompyuta tu. Ziko programu za wezi ambazo hubadilisha anwani wakati unapoinakili, ukabandika ya mwizi ukidhani ni yako. Linganisha herufi zote. Mwizi aweza kutengeneza anwani inayofanana na yako mwanzo na mwisho.

5. Mara ya kwanza peleka kidogo, mfano wa kuonja chumvi. Kikifika salama, ndipo upeleke kilichobaki.

6. Kila hati inapofika kwenye kifaa, soma kiasi, soma anwani, soma ni kazi gani inayoombwa. Kifaa kikikuonyesha mfululizo wa herufi na tarakimu zisizo na maana, au kikikuonya kwamba kitatia saini kisichoweza kukieleza, bonyeza kukataa. Aliyekataa jambo la halali amepoteza dakika chache, na kesho atalifanya tena. Aliyekubali jambo la haramu hana kesho ya kulirudia.

7. Jihadhari na hati ya ruhusa. Katika Ethereum tovuti yaweza kukuomba, si uhamishe fedha, bali uiruhusu izichukue baadaye, na aghalabu huomba ruhusa isiyo na kikomo. Toa ruhusa ya kiasi kinachohitajika tu. Na fahamu kwamba kuiachanisha tovuti na kifaa hakufuti ruhusa uliyokwisha toa. Ruhusa hufutwa kwa hati nyingine yenye saini yako.

8. Usiunge kifaa na kompyuta ya kukodi au ya kila mtu. Ukimaliza kazi, chomoa waya. Programu ya ndani ya kifaa isasishe kwa kupitia programu ya mtengenezaji peke yake, na kabla ya kusasisha hakikisha karatasi ya maneno iko mahali pake.

9. Kifaa kisiwe mchezo wa watoto. Cha Ledger hujifuta namba ya siri ikikosewa mara tatu, na cha Trezor ikikosewa mara nyingi zaidi. Mali haipotei, maadamu maneno yako unayo. Lakini kama karatasi imeliwa na mchwa, ndiyo mwisho wake.

Mwisho, kuna jambo moja ambalo halihusu waya wala kompyuta. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye sarafu hizi akifariki, naye hakumwambia mtu kwamba zipo, warithi hawatazipata, wala hakuna ofisi ya kwenda kuuliza. Basi mwambie mtu mmoja unayemwamini kwamba kipo kifaa, na karatasi iko wapi, ingawa si lazima umwonyeshe kilichoandikwa.

Yule mzee sasa anakitumia kifaa chake vizuri. Mwanawe alimpelekea kingine kwa mkono wa msafiri, tukakianzisha kwa maneno mapya, na fedha zikahamishiwa huko. Siku tulipouhamisha muamala ule alikishika mkononi, akaomba miwani, akaisoma anwani herufi moja moja kutoka mwanzo mpaka mwisho, nami nikifuata kwenye karatasi. Ilituchukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Ndipo akabonyeza.

Mwanachama yeyote mwenye swali juu ya jambo hili na afike ofisini, asubuhi, siku za kazi. Kifaa aje nacho akipenda. Karatasi ya maneno aiache nyumbani.

Mimi wenu katika kazi ya Chama,

Katibu